Tulivyolinganishwa na Rodesia hasara ya ukame, na sisi watu wa Kalenga tukaandika HAKUNA

Wakuu wote mliomo humu, kamwene.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imeruka nivumilieni. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa ujinga. Mkitaka kubisha bisheni, ila someni kwanza mpaka chini.

Wiki iliyopita kuna kijana alifungua mada humu ya kulinganisha hasara za majanga, nchi yetu na nchi jirani. Akaweka na jedwali. Jirani kapoteza mapesa mengi, sisi kidogo.

Basi mkashangilia! Oh, sisi tuko vizuri. Oh, jirani ni walalamishi. Mmoja akaweka na vikatuni vya kucheka.

Nilicheka na mimi. Halafu nikakasirika. Halafu nikakaa siku tatu natafuta pa kuanzia, kwa sababu namba za kwenye jedwali la namna hiyo niliwahi kuziandika mimi.

Turudi nyuma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, nimepata ukarani wa boma pale Iringa. Nimepanga chumba Mlandege. Nina kitanda, taa ya chemli, na kaptula mbili za kaki ambazo nilikuwa nazinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mstari unasimama.

Kwetu ni Kalenga. Jumapili nikienda nyumbani, watu walikuwa wanatoka nje kutazama viatu vyangu. Msicheke. Kiatu wakati ule kilikuwa habari.

Mwaka huo mvua ilianza vizuri. Watu wakalima, wakapanda, mahindi yakapanda mpaka yakatoa mbelewele. Halafu mvua ikakata.

Wiki ya kwanza tukasema itarudi. Wiki ya tatu majani yakajikunja. Ukipita katikati ya shamba yanakwaruza kama karatasi.

Na ukame ule haukujua mpaka. Ulipiga Iringa, ukapiga Mbeya, ukavuka Tunduma ukaingia Rodesia ya Kaskazini, hiyo mnayoiita Zambia.

Serikali mbili hizo, ya Tanganyika na ya Rodesia, zikakubaliana kununua mahindi kwa pamoja, ya chakula na ya mbegu. Yangewekwa Mbeya, kisha yagawanywe kwa nchi mbili. Kila upande ulete hesabu ya hasara yake, na aliyepoteza zaidi apate zaidi.

Mimi hiyo sehemu ya mwisho sikuambiwa. Nawawekea hapa ili msipotee njiani. Mimi nilipewa fomu, nikaambiwa nenda Kalenga na vijiji vya jirani, uliza kila kaya imepoteza nini, andika. Makarani wenzangu walipelekwa sehemu nyingine za Iringa. Wote Wahehe.

Fomu ilikuwa na maswali mawili. Mwaka jana ulivuna magunia mangapi? Mwaka huu umevuna mangapi? Unatoa, unapata hasara.

Aliyeitunga alikuwa na akili zake, ila hakuwahi kuishi Kalenga.

Kwetu, wakuu, mtu haulizwi kilichomo kwenye kihenge chake. Kihenge ni lile ghala la kusukwa kwa fito unaloweka mahindi. Mwenye nyumba anajua, mkewe anajua, basi. Hata mkwe haambiwi. Kumuuliza mtu mzima una magunia mangapi ni kama kumwambia avue nguo umtazame.

Na kumwendea mtu wa serikali ukamwambia "nimeishiwa" ilikuwa mbaya zaidi. Huko ni kuomba. Mhehe wa zamani anaweza kuwa hajala tangu jana, wewe ukipita anakwambia karibu chakula, na ukikubali anakwenda kutafuta kwa jirani ili usijue.

(Najua kuna mtu atakuja kusema hata kabila lake lilikuwa hivyo. Sawa. Fungua uzi wako.)

Nyumba ya kwanza nilianza kwa Mzee Ngimbudzi, jirani yetu, rafiki wa baba. Nikafungua fomu. Mzee, mwaka jana ulivuna magunia mangapi?

Akanitazama toka kwenye viatu mpaka kwenye nywele.

"Ya kutosha."

Na mwaka huu?

"Ya kutosha."

Kwa hiyo hasara?

"Andika hakuna. Sisi hatujalia."

Nikaandika HAKUNA. Nyumba ya pili, HAKUNA. Nikaenda mpaka nyumba arobaini na kitu, zote HAKUNA. Kwa mjane mmoja nilisikia watoto wanalia ndani, nikamuuliza wana nini, akasema wamegombana. Nikaandika.

Nikafika kwa baba. Alinipokea kikarani. Kiti, maji ya kunywa, hakuniita mwanangu hata mara moja. Akasema, "Hapa hakuna kilichopotea. Andika." Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ananitazama. Nikaandika.

Sasa ule ukweli niliowaahidi ndiyo huu. Niliandika kwa raha. Kila HAKUNA niliyoiandika kifua kilipanda. Nilisema moyoni, ngoja wakaone Mbeya jinsi watu wa Kalenga wasivyotikiswa. Nilijua kabisa kwamba mvua haikunyesha. Nilizaliwa pale, nilijua kwa nini wanasema vile, na sikumwambia Bwana Shauri hata neno moja. Bwana Shauri ndivyo tulivyokuwa tunamwita mkuu wa wilaya.

Tukaondoka Iringa kwa lori, Bwana Shauri mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia na fomu zangu kifuani. Tukalala Makambako, siku ya pili tukaingia Mbeya nikiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Baridi ya Mbeya nayo ikanikaribisha kwa namna yake.

Kikao kilikuwa bomani. Wazungu wa Tanganyika upande huu, wazungu wa Rodesia upande ule, makarani kila mmoja nyuma ya bwana wake.

Karani wa Rodesia aliitwa Sichone. Mtu mzima kidogo, miaka thelathini na zaidi, Mnyamwanga wa upande wa pili wa mpaka, koti limechakaa viwiko. Akaanza kusoma hasara za kwao.

Wakuu, alisoma! Kurasa kumi na moja. Magunia, madebe, ng'ombe waliokufa, mbuzi, mpaka kuku. Kijiji kwa kijiji, jina kwa jina.

Mimi nikiwa nyuma ya bwana wangu nilikuwa najizuia kucheka. Nikasema hawa watu hawana haya, mpaka kuku!

Zamu yangu ikafika. Nusu ukurasa. Iringa, hasara: hakuna, isipokuwa kaya chache zilizotajwa. Na hizo chache zilikuwa za wageni waliohamia.

Bwana mkubwa wa Mbeya akaninyooshea mkono kunipongeza. Akasema Iringa ni mfano, watu wanaojitegemea. Nilivyokaa, hata kiti kilikuwa kidogo kwangu.

Tukapumzika kunywa chai. Sichone akaja na kikombe chake, tukasimama pamoja juani.

"Mdogo wangu," akasema, "huko Iringa mvua ilinyesha?"

Nikasema haikunyesha.

"Sasa mahindi yenu yalikomaa kwa maji gani?"

Nikaanza kumweleza habari za heshima, kwamba watu wetu si watu wa kulialia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, halafu ndiyo akanipa ile habari. Mahindi yanagawanywa kwa karatasi hizi. Jioni wanapiga mahesabu. Kwa nilichosoma mimi, Iringa haipati kitu.

"Hukuambiwa?"

Nilimuona yule mjane na watoto wake "waliogombana". Nilimuona mama mlangoni. Nikaona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nabadilisha nilivyokaa.

Nikamfuata Bwana Shauri wangu. Alikuwa mrefu, anasema Kiswahili cha vitabuni, kila neno limenyooka. Nikamwambia hesabu yangu haifai.

Akaniuliza, "Ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa?"

Nikasema wakati ule. Kwa kijana wa Kalenga wa umri wangu, kusema nilikosea mbele ya mzungu na mbele ya makarani wa nchi nyingine ilikuwa kama kung'olewa jino. Nilisema.

Hakunifukuza kazi, ingawa uso ulimbadilika rangi. Mahindi yenyewe yalikuwa bado njiani, kwa hiyo akaniombea siku kumi. Akanipa sharti: nisirudi na maneno, nirudi na namba ambazo bwana wa Rodesia hawezi kuzicheka.

Nikarudi Kalenga. Nilifika mchana, baba hayupo. Mama hakunipa hata maji. Alinishika mkono akaniingiza jikoni, akatazama juu.

Kwetu mbegu hazikai kwenye kihenge. Unachagua masuke mazuri ya mahindi, unayafunga kwa maganda yake, unayatundika juu ya moto. Moshi unayapiga mpaka yanakuwa meusi, mdudu haingii. Hayo hayaguswi. Sisi watoto tulikuwa tunajua, ukigusa hayo utapigwa.

Pale juu palikuwa panajaa mpaka mtu mrefu anainama. Siku ile nilihesabu sita.

"Tunakula mbegu," mama akasema.

Tangu lini?

"Tangu siku ile ulipoandika."

Mnaelewa maana yake? Mvua ingerudi msimu unaofuata, na watu wasingekuwa na cha kupanda. Njaa ya mwaka mmoja ingekuwa ya miaka miwili. Na si nyumbani kwetu tu. Mama alinitajia nyumba tano ambazo wanawake wameshamaliza za kwao.

Nikazunguka tena na fomu yangu. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Baba mwenyewe akaniambia, "Ulishaandika. Karani gani anaandika mara mbili?" Mzee Ngimbudzi akaniuliza kama Mbeya kumeniharibu.

Nikasema basi niende kupima mashamba. Wapi! Ilikuwa kiangazi, mabua yameshaliwa na ng'ombe, ardhi yote vumbi. Huwezi kujua shamba la nani linaishia wapi, wala lipi lililimwa mwaka huu na lipi lilikuwa limepumzishwa.

Siku ya tatu nimekata tamaa, nimekaa nje kwetu nafuta viatu ambavyo havikuwa hata vichafu. Baba na Mzee Ngimbudzi wako kivulini kwenye ukuta wa nyumba. Hakuna pombe, maana hakuna nafaka ya kupikia. Na nyie mnajua wazee wasiokuwa na pombe wanazungumza nini. Wanazungumza pombe.

Ngimbudzi akasema ugimbi wake wa msimu uliopita ulikuwa mkali kuliko wa mtu yeyote kijijini. Ugimbi ni pombe yetu ya nafaka. Baba akasema mkali, sawa, lakini uliupika mara tatu tu. Mimi niliita mgowe mara nne!

Ngimbudzi akaruka. Tatu zipi? Hesabu vizuri! Akaanza kuhesabu kwa vidole, wa kwanza ule wa karibu na kanisa, wa pili wa kule kilimani, walikuja watu fulani na fulani, wa tatu...

Nikaacha viatu.

Kwa wasiojua: mgowe ni kazi ya pamoja. Una shamba kubwa, unapika ugimbi, unaita majirani. Wanakuja na majembe asubuhi wanalima kipande chako, mchana wanakaa wanakunywa. Mtu maskini haiti mgowe, atawanywesha nini? Kwa hiyo kuita mgowe ni sifa. Mtu anakumbuka kila mgowe aliyoita, ilikuwa shamba gani, nani alikuja, nani alilewa akalala njiani.

Yaani wazee wale wale wasiotaka kuniambia wana debe ngapi, walikuwa wanashindana kwa vidole wakitaja mashamba yao yote!

Nikakimbia mjini kwa bwana shamba, mwafrika mwenzetu aliyekuwa chini ya mzungu wa kilimo. Yeye alikuwa amezunguka mahindi yakiwa bado yamesimama, akajua eka moja imetoa nini. Karibu hakuna. Na alijua eka ya mwaka mzuri inatoa magunia mangapi. Kilichokosekana ni kimoja, kila kaya ililima eka ngapi.

Tukachukua kamba. Tukaenda mashamba kumi na mawili ambayo mipaka yake bado inaonekana, kila moja lililimwa kwa mgowe moja. Tukapima. Mengine yalizidi kidogo, mengine yalipungua kidogo, lakini ukiyachanganya ilikuwa inakuja kama eka moja kwa mgowe moja. Bwana shamba akapiga mluzi.

Basi nikaweka fomu mfukoni, nikaanza nyumba kwa nyumba upya. Kamwene mzee. Hivi msimu uliopita uliita mgowe mara ngapi?

Wakuu, mngeona nyuso! Watu waliokuwa wananifungia mlango wakanitolea kiti. Wakaita wake zao waje wathibitishe. Mmoja alitaka nione mpaka chungu alichopikia. Yule mjane akanyanyua kichwa akasema moja, kwa mkono wangu mwenyewe, na watu walishiba.

Niliandika kila kitu. Nikawafundisha makarani wenzangu, wakafanya hivyo hivyo kwao.

Siku ya kumi niko Mbeya.

Safari hii nilisoma mimi kwa muda mrefu. Bwana wa Rodesia akanikatiza kabla sijafika nusu.

"Nchi nzima mnaipimia hasara kwa pombe?"

Wazungu wote wakacheka, hata bwana wangu midomo ilimcheza. Nikaeleza kamba, eka, mashamba kumi na mawili. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema hesabu ya walevi haiwezi kusimama mezani na hesabu ya magunia.

Hapo ndipo Sichone akasimama. Hakuulizwa, alisimama tu, na karani hakuwa mtu wa kusimama vile.

Akasema kwa heshima kwamba hata kwao wanaita majirani kwa pombe, jina tu ndilo tofauti. Akaomba dakika chache. Akachukua kijiji chake mwenyewe alikozaliwa, akataja nani aliita watu mara ngapi, akazidisha kwa eka, akatoa. Halafu akafungua ukurasa wake wa magunia wa kijiji hicho hicho, akauweka mezani.

Hesabu mbili hizo zilipishana kidogo sana.

Bwana wake akamtazama kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

Na Sichone alijua anachofanya. Mahindi yalikuwa ni yale yale. Kila gunia lililokuja Iringa lilitoka kwenye fungu la watu wake. Alikuwa na karatasi bora kuliko yangu, angekaa kimya tu angeshinda.

Nilipomfuata nje kumshukuru akasema, "Uliniambia haikunyesha. Nifanye kama sikusikia?" Akaenda zake kuchukua chai.

Walipolinganisha upya, kaya ya Iringa na kaya ya Rodesia zilikuwa zimepoteza karibu sawasawa. Ukame mmoja, hasara moja. Tofauti yote ya mwanzo, kurasa kumi na moja kwa nusu ukurasa, ilikuwa ya namna ya kuuliza na namna ya kujibu.

Magunia ya mbegu yakaja Kalenga na lori.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza upya. Bwana Shamba mkubwa, mzungu aliyekuja nayo kutoka Mbeya, hakutaka ujanja. Akasema kila kaya isomwe hadharani, jina, mashamba iliyopoteza, halafu ipimiwe mbegu. Na msomaji ni karani, mimi.

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nilichofanya na zile mgowe. Nilichukua sifa zao nikazigeuza hasara. Na sasa nizisome mbele ya kijiji kizima, na jina la baba limo.

Baba alikuja amevaa kanzu na koti la kwendea kanisani, kasimama nyuma kabisa, fimbo mkononi. Amekuja kuangalia wanaoomba ni akina nani.

Nikasoma la kwanza. Mashamba mawili, yamekauka. Yule mzee akashtuka, akanitazama, akatazama wenzake. La pili. La tatu. Minong'ono ikaanza, wameshaelewa. Watu wakawa wanatazama chini. Hakuna aliyesogea kupimiwa.

Nikafika kwa baba. Nikataja jina lake lote. Mgowe nne. Eka nne. Zimekauka zote.

Niliona kofia yake inakuja katikati ya watu. Walimpisha. Akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Karani, umekosea."

Nikajua nimekwisha. Siku hiyo nilikuwa tayari kukanwa na baba yangu mbele ya wazungu.

"Zilikuwa tano," akasema. Na hakusema kwa kunong'ona. "Lile la bondeni mke wangu alinikataza, akasema tumechelewa. Nikabisha. Nikapika ugimbi, nikaita watu, wakalima, likakauka hata mbelewele halikutoa. Niliona haya kulitaja. Andika tano."

Nikakata nne, nikaandika tano.

Bwana Shamba akamuuliza, kwa hiyo unataka uongezewe mbegu? Baba akamjibu kwamba yeye hakuja kuomba mbegu, anataka karatasi iwe ya kweli.

Mama akatokea kutoka upande wa wanawake na kikapu chake kikubwa, akampita baba kama hamuoni, akakiweka chini mbele ya mizani.

"Huyu amefuata karatasi. Mimi nimefuata mbegu. Nipimieni za mashamba matano."

Kalenga ililipuka kwa kicheko. Baba naye alicheka, mpaka akajifuta macho kwa kofia. Na nyuma yake Mzee Ngimbudzi alikuwa anasukumana na watu aje mbele, anapiga kelele kwamba na yeye amepunjwa, zake hazikuwa tatu.

Mvua iliporudi, hakuna shamba kijijini lililokosa cha kupanda.

Wakuu, mimi nimefanya kazi ya serikali miaka mingi baada ya hapo, nimevaa suti, nimekaa meza kubwa. Lakini ukiniuliza fahari yangu ni ipi, ni mzee mmoja mwenye kiburi kuliko wote Kalenga aliyevua kofia akasema nimepoteza zaidi ya mlivyoandika.

Ndiyo maana lile jedwali la wiki iliyopita lilinitia hasira. Sisemi jirani kapoteza zaidi au sisi, mimi sijui. Nasema kabla hujashangilia kwamba hasara ya nchi yako ni ndogo, uliza nani alikwenda kuhesabu, aliuliza swali gani, na mwenye nyumba alijibu akiwa amesimama vipi. Pengine mmepona kweli. Pengine kuna mama mahali anashusha mbegu kutoka juu ya moto.

Na wewe kijana uliyewaita jirani walalamishi, mmoja wao alisimama Mbeya akatutetea na hatukuwa hata tumemwomba.

Nimemaliza, kidole kinauma. Wenye wazazi wa Iringa, Mbeya, Njombe, na ninyi wa upande wa Zambia mnaosoma humu, nielezeni: kwenu mzee akipatwa na janga anasema, au anasema "ya kutosha"? Na mlimfanyaje mpaka akasema? Nasoma komenti zote, za matusi pia, ila za matusi nazisoma mwisho.